Malaria haionekani lakini homa ipo: jinsi ya kuitambua dengue na kumuuguza mgonjwa, hasa siku homa inaposhuka

Umeamka na homa kali ya ghafla. Kichwa kinagonga, macho yanauma ukiyazungusha, mgongo na viungo ni kama ulibeba zege kutwa nzima. Unaenda zahanati, unatobolewa kidole, kipimo cha malaria kinaonyesha huna. Unarudi nyumbani na neno moja tu: "Hamna kitu."

Kitu kipo, ila siyo malaria.

Kwa mkazi wa Mkonze, na Dodoma kwa ujumla, jibu la "huna malaria" ni la kawaida, maana mkoa huu ni miongoni mwa ile yenye malaria kidogo nchini. Shida ni kinachofuata. Wengi wetu hapo tunarukia UTI au taifodi, tunapitia duka la dawa kuchukua ya maumivu, kisha tunaendelea na shughuli. Sasa kama homa yenyewe ni dengue, hiyo dawa ya maumivu inaweza kukuletea balaa kubwa kuliko homa uliyokwenda kuitibu.

Dengue ni nini, na inafikaje huku juu?

Dengue ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu anayeitwa Aedes, yule mweusi mwenye madoadoa meupe yanayong'aa mwilini na miguuni. Huambukizwi kwa kushikana mikono, kula sahani moja wala kukaa karibu na mgonjwa. Lazima mbu apite katikati.

Kiswahili cha zamani kina jina la ugonjwa huu: kidingapopo. Wapo wataalamu wanaoona kwamba hata neno dengue linalotumika duniani kote huenda lilianzia kwetu, kwenye "kidinga pepo", jina ambalo daktari James Christie alilikuta Zanzibar wakati wa mlipuko wa mwaka 1870. Wengine wanasema ugonjwa ule wa 1870 ulikuwa chikungunya. Ubishi huo unaonyesha tu jinsi magonjwa haya mawili yanavyofanana.

Miaka ya karibuni Dar es Salaam imepata milipuko mwaka 2010, 2013, 2014, 2018 na 2019. Ule wa 2019 ndio ulikuwa mkubwa: wagonjwa zaidi ya 6,000 walithibitishwa nchini, wengi wao wa Dar es Salaam, wakifuatiwa na Tanga. Dodoma nayo ilikuwemo kwenye orodha ya mikoa iliyoripoti, ingawa kwa idadi ndogo. Jirani zetu wa Mombasa wameupata zaidi ya mara moja. Na mwaka 2024 wagonjwa zaidi ya milioni 14 waliripotiwa duniani, idadi ambayo haijawahi kufikiwa kabla.

Utamsikia mtu akisema hayo ni mambo ya Pwani, sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, tena kwenye ukame. Hoja hiyo imepungua nguvu. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inamtoa mtu Dar na kumshusha Dodoma kwa chini ya saa 4, na virusi vya dengue hukaa mwilini siku 4 hadi 10 kabla homa haijaanza. Yaani mtu aliyeumwa na mbu Sinza siku ya Jumatatu anaweza kuja msibani Mkonze Alhamisi akiwa mzima kabisa, anacheka na watu, halafu homa ikamwanzia hapa. Mbu wa hapa akimuuma siku hizo za homa, baada ya siku kama 8 hadi 12 mbu huyo naye anakuwa na uwezo wa kuambukiza wengine, na anabaki hivyo mpaka afe.

Kwa hiyo ukifika kwa daktari na homa, sema mwenyewe bila kusubiri kuulizwa kama umesafiri ndani ya wiki mbili zilizopita, au kama nyumbani kuna mgeni aliyekuja na homa. Ila usijiondoe kwenye hesabu kwa sababu tu hujatoka Dodoma.

Dalili zake

Watu wengi wanaopata virusi hivi, karibu 3 kati ya 4, hawaumwi kabisa au wanajisikia vibaya kidogo tu. Kwa wanaoumwa, homa huanza ghafla na inaweza kufika nyuzi joto 40. Hudumu siku 2 hadi 7. Inakuja na maumivu makali ya kichwa, maumivu nyuma ya macho, misuli, viungo na mifupa kuuma, kichefuchefu, kutapika na kukosa hamu ya kula. Baadhi hupata vipele au wekundu kwenye ngozi. Fizi au pua zinaweza kutoa damu kidogo.

Maumivu ya nyuma ya macho ndiyo wengi hukumbuka baadaye. Ukimuuliza aliyewahi kuugua atakwambia hata kutazama simu ilikuwa kazi. Lakini si kila mgonjwa anayo, kwa hiyo kuyakosa hakumaanishi umesalimika.

Mtoto mdogo hawezi kukueleza kwamba macho yanauma. Kwake utaona homa, kulialia, kukataa kunyonya au kula, na pengine kutapika. Hapo usianze kubahatisha nyumbani, mpeleke.

Ukilinganisha na mafua makali, mgonjwa wa dengue kwa kawaida hana makamasi mengi wala kikohozi kikubwa. Ukilinganisha na malaria, kwa macho huwezi kutofautisha, na hata mhudumu mzoefu hawezi. Kipimo cha malaria kifanyike kila mara, kwa sababu malaria inaua na ina dawa yake. Hoja ni kwamba kipimo hicho kikisema huna, safari ya kutafuta chanzo cha homa haijaisha.

Siku ya hatari ni siku homa inaposhuka

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo soma taratibu.

Magonjwa mengi tuliyoyazoea, homa ikishuka tunashukuru Mungu na kurudi kazini. Dengue haiendi hivyo. Mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 7 tangu uanze kuumwa, homa inashuka, na saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo zenye hatari. Wengi wanapita hapo salama na kupona. Lakini kwa kama mmoja kati ya wagonjwa 20, mishipa midogo ya damu huanza kuvujisha majimaji. Majimaji hayo yanahamia tumboni na kwenye kifua, damu inayobaki inakuwa nzito na pungufu, presha inashuka. Wakati huohuo chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zinakuwa zimepungua. Mtu anaweza kuwa anaongea asubuhi na jioni akawa hajiwezi.

Kwa hiyo andika kwenye simu yako siku homa ilipoanza. Hiyo ndiyo siku ya 1. Utakapomwambia daktari "leo ni siku ya 5, homa imeshuka jana usiku," umempa taarifa yenye thamani kuliko maelezo ya nusu saa.

Sasa, ukiona mojawapo ya mambo yafuatayo, iwe mchana au usiku, nenda hospitali palepale: tumbo kuuma sana na mfululizo; kutapika kila mara, hasa zaidi ya mara 3 ndani ya siku moja; damu kwenye fizi, pua, matapishi au choo, au choo kuwa cheusi kama lami; kupumua haraka au kwa shida; mwili kulegea mno, kutotulia au kuchanganyikiwa; kiu isiyoisha; mikono na miguu kuwa ya baridi na ngozi kupauka; kukaa zaidi ya saa 6 bila kukojoa. Kwa mwanamke, hedhi nzito kuliko kawaida au damu kutoka ukeni nje ya siku zake nayo ihesabiwe humo.

Wala usisubiri dalili zote zijipange, moja inatosha.

Dengue kali isipohudumiwa vizuri inaweza kuua zaidi ya mgonjwa 1 kati ya 5. Ikihudumiwa mapema na kwa usahihi, vifo vinashuka chini ya 1 kati ya 100. Na huduma yenyewe siyo dawa ya ajabu ya kutoka nje. Ni dripu inayopimwa kwa uangalifu, isizidi wala isipungue, na mtu wa kukukagua kila baada ya muda mfupi. Tofauti yote hiyo inatokana na kufika kwa wakati.

Dawa za maumivu: soma jina la ndani

Mazungumzo ya duka la dawa unayajua.

"Dada, mwili wote unauma, kichwa ndiyo usiseme. Nipe ya maumivu."

"Nikupe diklopa kaka, au unataka sindano kabisa?"

Hapo ndipo pa kusema hapana. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na dawa za familia hiyo zinasumbua tumbo na kudhoofisha uwezo wa damu kuganda. Kwa mgonjwa ambaye chembe sahani zake tayari zinashuka, unakuwa umefungulia mlango wa kuvuja damu. Sindano ya maumivu ya kwenye msuli nayo iepukwe, maana pale inapochomwa damu inaweza kuvujia ndani ya nyama. Najua watu tunaamini sindano inafanya kazi haraka kuliko kidonge. Kwenye dengue imani hiyo ni ya kuweka pembeni.

Dawa ya kutuliza homa na maumivu ni paracetamol, panadol kwa lugha ya mtaani. Mtu mzima anaweza kumeza vidonge 2 vya miligramu 500, kwa nafasi ya saa 6 au zaidi, na visizidi 8 kwa saa 24. Kuzidisha kunaumiza ini, na dengue yenyewe inaligusa ini, kwa hiyo ukiona homa haishuki usiongeze vidonge. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza kabla ya kumeza chochote. Mtoto apewe kwa uzito wake kama alivyoelekeza mhudumu, siyo kwa kukadiria nusu kidonge.

Angalia sana dawa za mchanganyiko. Pakiti nyingine zinaandikwa kwa herufi kubwa jina la biashara, halafu kwa herufi ndogo chini unakuta paracetamol pamoja na diklofenaki au aspirini. Soma hizo herufi ndogo, au mwambie muuzaji moja kwa moja: "Nataka paracetamol peke yake."

Antibiotiki haziui virusi, kwa hiyo hazitibu dengue. Na kama unatumia aspirini ya kila siku au dawa ya kuyeyusha damu kwa ajili ya moyo, usiache kimyakimya. Mweleze daktari, yeye ndiye apime kipi kina uzito zaidi.

Majani ya mpapai? Yanatajwa sana kwenye makundi ya WhatsApp. Kuna tafiti zimefanyika, hasa Asia, lakini ushahidi bado hautoshi kusema yanatibu. Ubaya mkubwa ni mtu kukaa nyumbani siku ya 5 akinywa majani huku tumbo linauma.

Kumuuguza nyumbani

Hakuna dawa inayoua virusi vya dengue. Mgonjwa asiye na dalili za hatari, anayeweza kunywa na anayekojoa vizuri, anaweza kuuguzwa nyumbani huku akirudi kupimwa kama atakavyoelekezwa.

Kazi kubwa ni kunywa. Mtu mzima anywe walau glasi 5 kubwa kwa siku, na zaidi kama anaweza: maji ya chumvichumvi ya ORS (pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi), uji mwepesi, supu, juisi ya matunda, maziwa. Maji matupu peke yake hayatoshi, kwa sababu mwili unapoteza na chumvi. Akitapika, mpe kidogokidogo, vijiko kadhaa kila dakika chache. Epuka vinywaji vyekundu au vyeusi, juisi ya zabibu nyekundu ikiwemo, japo zabibu ndiyo fahari ya mji wetu. Siyo kwamba ina sumu. Ni kwamba akitapika hutajua kama ile ni zabibu au damu.

Kipimo rahisi cha nyumbani ni mkojo. Anayekojoa kila baada ya saa 4 hadi 6, mkojo wa rangi nyepesi, anakunywa vya kutosha. Ukiwa mchache na wa rangi ya chai, ongeza kunywa. Ukikata kabisa, hospitali.

Homa ikipanda mpanguse kwa maji ya kawaida, siyo ya baridi kali. Apumzike. Na alale ndani ya chandarua hata mchana, jambo ambalo wengi wanalisahau. Mbu huyu anauma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla jua halijazama, na mgonjwa mwenye homa ndiye chanzo cha virusi kwa mbu wa hapo nyumbani. Chandarua chake kinawalinda ninyi wengine.

Wapo wasiofaa kuuguzwa nyumbani bila daktari kuamua hivyo: mjamzito, mtoto mchanga, mzee, mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au wa moyo, na mwenye selimundu. Ongeza hapo mtu anayeishi peke yake. Dodoma imejaa wapangaji wa chumba kimoja, wanachuo na watumishi waliohamia kikazi. Kama wewe ni mmoja wao na una homa ya namna hii, mwambie mwenye nyumba au jirani, mkubaliane awe anakugongea mlango asubuhi na jioni. Mtu aliyelegea na kuchanganyikiwa hajipigii simu mwenyewe.

Vipimo gani uulizie

Kuna kipimo cha haraka kinachotafuta NS1, kipande cha kirusi chenyewe. Hicho hufanya kazi vizuri siku 5 za mwanzo. Kuanzia kama siku ya 5 na kuendelea, hutafutwa kinga za mwili zinazoitwa IgM. Ndiyo maana ile tarehe uliyoandika kwenye simu ina maana: kipimo cha siku isiyo yake kinaweza kusema huna wakati unayo.

Lakini hata kama kipimo cha dengue hakipo hapo ulipo, kuna kingine kinachopatikana zaidi, nacho ni FBP, picha kamili ya damu. Kinaonyesha chembe sahani zimefika wapi na damu imekuwa nzito kiasi gani. Kisifanywe mara moja na kusahaulika. Kinachomsaidia daktari ni mwendo: jana ngapi, leo ngapi. Chembe sahani zikishuka kwa kasi huku damu ikizidi kuwa nzito, hiyo ni ishara kwamba mishipa inavuja. Zahanati nyingi hazina mashine hiyo, kwa hiyo omba rufaa ya kituo cha afya au hospitali. Kwa aliyepo jijini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wengi tunaiita General, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ndizo zinazopokea wagonjwa waliozidiwa. Kwa ushauri, Wizara ya Afya ina namba 199, kupiga ni bure.

Magonjwa mawili yanayofanana nayo

Chikungunya inaenezwa na mbu huyuhuyu. Ilitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani hapahapa Tanzania, uwanda wa Makonde huko Newala, mwaka 1952 hadi 1953, na jina lake ni la Kimakonde likieleza mtu aliyepinda kwa maumivu. Viungo huuma zaidi na vinaweza kuendelea kuuma kwa miezi. Kabla dengue haijaondolewa kwenye orodha, chikungunya nayo itibiwe kwa paracetamol tu.

Pili ni homa ya Bonde la Ufa, na hii Dodoma inaifahamu. Kwenye mlipuko wa mwaka 2007 mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Kama mvua zimekuwa kubwa, mifugo inatupa mimba au vitoto vinakufa, na mtu aliyechinja, aliyezalisha mnyama au aliyekunywa maziwa mabichi anapata homa na kutokwa damu, mweleze daktari habari ya mifugo kabla ya yote.

Maji tunayoyatunza ndiyo yanayomlea mbu

Mbu wa malaria tumemzoea: anauma usiku, anazaliana kwenye madimbwi. Huyu Aedes hapendi mtaro unaonuka. Anapenda maji yaliyotulia kwenye chombo, karibu na watu, na kwa kawaida haendi mbali na pale alipozaliwa, mita mia chache tu. Kwa maana nyingine, anayekuuma mchana sebuleni huenda amezaliwa uani kwako au kwa jirani yako.

Sasa angalia maisha yetu. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu zaidi ya 765,000 kwenye sensa ya 2022 na watu wanaendelea kuja. Maji yake kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe kule bonde la Makutupora, na hayawatoshi watu wote hawa kwa wakati mmoja. Kuna mgao. Bomba likitoka, kila mtu anajaza kila chombo: simtanki, jaba, pipa, ndoo, madumu. Hakuna wa kulaumiwa hapo, usipotunza utakunywa nini? Kwa hiyo ule ushauri wa "usitunze maji" unaotolewa kwenye miji yenye maji ya kutosha, kwetu haufai. Kinachofaa ni kuyatunza yakiwa yamefunikwa.

Mfuniko uzibe kweli. Kipande cha bati kilichoegeshwa juu ya pipa kinaacha nafasi ya mbu kumi kupita. Kama mfuniko umepotea, kitambaa kizito au kipande cha chandarua kilichofungwa kwa mpira kuzunguka mdomo wa chombo kinafanya kazi. Kwenye simtanki, weka wavu kwenye lile bomba la kumwagia maji yakizidi, watu wengi hulisahau.

Halafu kuna suala la mayai. Mbu huyu hatagi juu ya maji kama wengine, anayabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa bila kufa. Yaani pipa lililokauka tangu Juni linaweza kuwa na mayai yanayosubiri mvua ya Desemba au siku bomba litakapotoka. Kiangazi chetu kirefu hakiyamalizi, na kumwaga maji tu hakuyaondoi. Unatakiwa kusugua kuta za ndani kwa brashi ngumu, kisha usuuze na kumwaga nje kwenye ardhi kavu. Yai hadi mbu kamili ni kama siku 7 hadi 10 kwenye joto, kwa hiyo ukisugua mara moja kwa wiki unakuwa umemkatisha njiani. Ukiona viluwiluwi vinachezacheza ndani ya ndoo, ujue ratiba ya wiki hiyo imekupita.

Mkonze ya sasa ni ujenzi mtindo mmoja, na saiti ni shamba zuri la mbu huyu. Jaba la fundi linakaa wazi wiki nzima. Shimo la maji lililotandikwa turubai linabaki hata baada ya kazi kusimama kwa kukosa fedha. Maji ya kumwagilia zege la juu yanatuama siku nyingi. Kama una saiti, ongea na fundi: jaba lifunikwe, shimo likaushwe kazi ikisimama. Na kama saiti ni ya jirani anayeishi mkoa mwingine, mjumbe wa mtaa ndiye wa kumtafutia.

Vingine ni vidogo lakini vinahesabika: tairi la zamani nyuma ya gereji, kopo, chombo cha kunyweshea kuku, sahani ya chini ya ua, gata iliyojaa majani. Kupulizia dawa kunaua mbu wanaoruka siku hiyo. Mayai na viluwiluwi vinabaki, wiki ijayo unaanza upya. Nguo za mikono mirefu, dawa ya kupaka na wavu madirishani vinasaidia, hasa saa za asubuhi na jioni.

Ukishaugua mara moja

Virusi vya dengue viko vya aina 4. Ukipona aina moja unapata kinga ya muda mrefu dhidi ya hiyo tu, na ya muda mfupi kwa zile nyingine. Ukija kupata aina tofauti baadaye, uwezekano wa dengue kali unaongezeka. Kwa hiyo aliyewahi kuugua Dar mwaka 2014 au 2019 na sasa anaishi Dodoma amweleze daktari habari hiyo.

Chanjo zipo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mojawapo, Qdenga, kwa watoto wa miaka 6 hadi 16 kwenye maeneo yenye maambukizi makubwa sana. Haimo kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo hapa Tanzania.

Kupona kwenyewe kunajionyesha: hamu ya kula inarudi, mkojo unakuwa mwingi, vipele vinaweza kutokea vikawasha siku chache na kuondoka. Uchovu unaweza kubaki wiki kadhaa. Kama kazi yako ni ya kubeba, kulima au kuendesha bodaboda, usirudi siku ile ya kwanza homa iliyokata. Subiri zipite walau siku 2 bila homa na bila dalili yoyote ya hatari, na kama ulipimwa FBP, daktari aone kwamba chembe sahani zimeanza kupanda.